Kabla ya Kulipia Jina la Tovuti, Jua Kiishio Chake ni cha Nani

Mtu anayefungua tovuti ya biashara yake, awe Kariakoo, Kisumu au Mwanza, huweza kumaliza wiki nzima akitafuta jina. Huuliza ndugu, huuliza wateja, hulikataa hili na kulipenda lile. Jina likishapatikana hufika kwenye ukurasa wa malipo, na hapo hukuta orodha ndefu: .com, .co.tz, .net, .org, .africa, .shop, .xyz, .io, .online. Kila kimoja kina bei yake, na vingine vimepambwa kwa punguzo. Uamuzi huu wa mwisho huupa dakika mbili. Huchukua kilicho rahisi, au kinachopendeza macho, au chochote kilichobaki.

Dakika mbili hazitoshi, na makala hii inakuomba uzifanye kuwa jioni nzima. Rangi za tovuti utazibadilisha ukichoka nazo. Picha utazipiga upya. Hata kampuni inayokuhifadhia tovuti utaihama. Lakini kiishio, yaani zile herufi zinazokuja baada ya nukta mwishoni mwa anwani, kitaandikwa kwenye kibao cha duka, ubavuni mwa gari, kwenye stakabadhi na katika kila barua pepe utakayotuma. Siku utakapotaka kukibadilisha, wateja wa zamani wataendelea kuandika anwani ya zamani. Na ukiiacha anwani hiyo, mtu mwingine anaweza kuisajili na kuanza kupokea barua zilizokusudiwa wewe.

Lipo jambo moja ambalo ukilishika, mengine yote yatakuwa mepesi: jina la tovuti halinunuliwi. Hata kama ukurasa wa malipo umeandika "nunua", unachofanya ni kukodi, kwa mwaka mmoja au kwa miaka kadhaa, kwa .com mwisho ni miaka 10 kwa mkupuo. Kila kiishio kina mwenye nyumba wake, na huyo ndiye anayeweka masharti, anayepandisha kodi, na anayeweza kufunga mlango. Kwa hiyo usianze kuuliza kiishio kipi kinapendeza. Anza kuuliza ni cha nani.

Wenye viishio ni akina nani

Viishio vya kwanza, .com, .org, .net, .edu, .gov na .mil, vilianza mwaka 1985, enzi ambazo intaneti ilikuwa ya vyuo, majeshi na kampuni chache za Marekani. Tangu mwaka 1998 mfumo mzima wa majina unaratibiwa na ICANN, taasisi isiyo ya faida yenye makao California. Kiishio cha .com kinaendeshwa na kampuni ya Verisign, na .org na taasisi ya Public Interest Registry. Zote mbili ziko Marekani, kwa hiyo anayetumia .com, hata akiwa Tandahimba, jina lake liko chini ya mkono wa sheria za Marekani. Mahakama za huko zimewahi kuamuru majina ya .com yakamatwe, na yakakamatwa.

Kundi la pili ni viishio vya herufi mbili. Hivi vyote ni vya nchi au maeneo: .tz ya Tanzania, .ke ya Kenya, .ug ya Uganda, .rw ya Rwanda, .bi ya Burundi, .cd ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa Tanzania kazi hii ilijengwa na tzNIC, kituo kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na watoa huduma wa intaneti. Kwa Kenya ni KeNIC. Mwananchi hasajili moja kwa moja kwenye vituo hivyo. Hupitia kwa wasajili walioidhinishwa, ambao orodha yao iko wazi.

Ndani ya .tz kuna vyumba. Biashara hukaa co.tz, asasi zisizo za faida or.tz, vyuo ac.tz, shule sc.tz, serikali go.tz. Vipo pia me.tz kwa mtu binafsi na hotel.tz kwa nyumba za wageni. Kenya ina mpangilio unaofanana: co.ke, or.ke, ac.ke, sc.ke, go.ke, me.ke. Vyumba vya serikali na elimu havipewi mtu hivi hivi. Lazima uonyeshe nyaraka kwamba wewe ndiye.

Kundi la tatu lilianza kufunguliwa mwaka 2013, na sasa lina viishio zaidi ya elfu moja: .shop, .online, .xyz, .app na vingine vingi. Humo ndimo ilimo .africa, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2017 ikisimamiwa na taasisi ya Afrika Kusini. Nyuma ya vingi vya kundi hili wako wafanyabiashara wanaoshindania wateja, na ndiyo maana ya punguzo lile uliloliona.

Swali la kwanza: nani anatakiwa akuamini?

Chukua kalamu uandike wateja wako watatoka wapi katika miaka mitano ijayo. Jibu hilo peke yake huondoa nusu ya orodha.

Ukiwa na duka la dawa Mbeya, ofisi ya wakili Dodoma, karakana ya pampu za maji Morogoro au huduma ya kukodisha viti na maturubai Tanga, chukua co.tz bila kusitasita. Anayekutafuta yuko hapa hapa, na kiishio hicho kinamwambia kwamba na wewe uko hapa hapa. Kinaiambia Google pia. Katika maelekezo yake kwa wenye tovuti, Google inaeleza kwamba kiishio cha nchi ni ishara nzito kuwa tovuti imelengwa kwa watu wa nchi hiyo. Anayetafuta fundi akiwa Morogoro anaweza kukufikia kwa wepesi zaidi. Fahamu vilevile kwamba ukiwa na .shop, Google haikupandishi juu eti kwa sababu neno hilo maana yake ni duka. Viishio vya jumla inavitazama kwa jicho moja.

Hali ni nyingine kwa mwenye kampuni ya safari Arusha au hoteli Nungwi. Mgeni wake anatafuta akiwa Ujerumani au Italia, na ishara ya nchi ambayo ingemsaidia fundi wa Morogoro hapa haina msaada huo. Kwa biashara ya namna hiyo, .com ndiyo itangulie: imezoeleka dunia nzima, na haifungwi na nchi moja kwenye utafutaji. Lakini co.tz nayo isajiliwe, ielekezwe kwenye ile ya .com. Mgeni anayetaka kulipa fedha nyingi kabla hajakanyaga Kilimanjaro ana hofu ya matapeli, na tapeli hapendi kuacha jina lake kwa msajili wa Dar es Salaam. Ukiimiliki co.tz ya jina lako, hakuna atakayeitumia kujifanya wewe.

Kwa asasi, watu wengi hukimbilia .org wakidhani ina ukaguzi. Haina. Yeyote duniani anaweza kusajili .org bila kuonyesha cheti chochote. Sifa ya kiishio hicho imejengwa na mazoea ya miaka mingi tu. Ikiwa wafadhili wako wako nje, .org inafaa kwa sababu wameizoea. Ikiwa unafanya kazi na halmashauri, vijiji na wananchi, or.tz inakuweka karibu nao. Asasi nyingi hufaidika kwa kuwa na zote mbili.

Shule na vyuo, nawasihi msiache sc.tz na ac.tz. Mzazi anayetafuta shule hana njia rahisi ya kujua kama tovuti ya .com ni ya shule kweli au ni ya mtu aliyekaa mahali akikusanya ada za kujiunga. Kile chumba chenye ukaguzi wa nyaraka kinamlinda mzazi kabla hata hajasoma sentensi ya kwanza. Usumbufu wa kupeleka nyaraka ndio unaokipa kiishio hicho thamani.

Lisikike, liandikike

Kabla hujaamua, litamke jina lote kwa sauti kama litakavyosomwa redioni, kisha mpigie mtu mzima nyumbani umwambie aliandike. Hapa ndipo viishio vingi vya mtindo huanguka. Masikio ya watu yamezoea .com na, hapa kwetu, .co.tz au .co.ke. Ukiwapa kitu cha katikati, mikono yao itakwenda kwenye walichozoea.

Kampuni ya Marekani ya Overstock ililijua hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2011 ilijitangaza kwa anwani fupi ya O.co, ikitumia kiishio cha Kolombia. Watu waliliona tangazo, wakafika nyumbani, wakaandika o.com. Kampuni ikalazimika kurudi kwenye jina lake la zamani. Ikiwa kampuni yenye bajeti ya matangazo ya televisheni haikuweza kuwafundisha wateja wake waache herufi moja, duka lako la nguo lisibebe mzigo huo.

Madhara yake hayaishii kwa mteja kupotea njia. Mwezi Julai 2023 vyombo vya habari viliripoti kwamba barua pepe nyingi mno zilizokusudiwa kwenda kwa jeshi la Marekani, ambalo kiishio chake ni .mil, zilikuwa zikienda kwenye .ml, kiishio cha Mali, kwa sababu waandishi waliruka herufi moja. Biashara yako inatuma ankara, namba za akaunti na nakala za vitambulisho. Jiulize barua hizo zitatua kwa nani mteja akiruka herufi.

Swali la pili: mwenye kiishio akibadilika, wewe utakuwa wapi?

Kwa miaka mingi kampuni ya Freenom ilikuwa ikigawa majina ya bure yenye viishio vya nchi tano: .tk ya Tokelau, .ml ya Mali, .ga ya Gaboni, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na .gq ya Guinea ya Ikweta. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walijifunzia kutengeneza tovuti kwa majina hayo, na wengine wakafungua biashara juu yake. Matapeli nao waliyapenda, kwa sababu hayakuwagharimu kitu. Mwaka 2023 kampuni ya Meta iliishtaki Freenom, na usajili mpya ukasimama. Mwaka huohuo Gaboni ilikichukua tena kiishio chake, na majina yapatayo milioni 7 ya .ga yakafutwa. Mwaka 2024 Freenom ikatangaza kwamba inaachana na biashara hiyo ya majina. Aliyekuwa amechapisha kadi na kujenga wateja juu ya jina la bure hakuwa na mkataba wa kudai chochote.

Bei ya chini ina hatari nyingine: inavuta matapeli, na matapeli wakijaa kwenye kiishio, mifumo ya kuchuja barua pepe hukitilia shaka chote. Barua yako halali ya nukuu ya bei inaweza kuishia kwenye sanduku la taka za mteja, na wewe ukadhani amekupuuza.

Viishio vya nchi za wengine vinavyotumiwa kwa mtindo tu navyo vina mashaka yake. Vijana wa teknolojia wanaipenda .io. Hicho ni kiishio cha eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, yaani visiwa vya Chagos. Mwezi Mei 2025 Uingereza ilisaini mkataba wa kuvirudisha visiwa hivyo kwa Mauritius. Viishio vya nchi hutegemea orodha ya kimataifa ya alama za nchi; nchi ikiondoka kwenye orodha, kiishio chake nacho huweza kuondolewa. Ndivyo ilivyokuwa kwa .yu ya Yugoslavia, iliyofungwa mwaka 2010. Sisemi .io itafutwa kesho, na kiishio chenye wateja wengi kiasi hicho kina watetezi wengi. Nasema kwamba mwenye duka la Mwenge hana sababu ya kuifunga riziki yake kwenye mazungumzo ya London na Port Louis.

Mifano mingine ipo. Mwaka 2010 anwani fupi ya vb.ly ilifungwa na mamlaka za Libya kwa maelezo kwamba yaliyomo yalikwenda kinyume na sheria za nchi hiyo, ingawa mwenye nayo alikuwa Marekani. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, watu na kampuni za huko waliokosa sifa ya ukaazi au uraia wa Umoja walinyang'anywa majina ya .eu. Jambo hili liwahusu pia Waswahili wanaoishi Ulaya: ukitaka .eu, soma masharti yake, na ujue utabaki na nini ukihama.

Haki itendeke: .tz nayo iko chini ya sheria za Tanzania, na .ke chini ya sheria za Kenya. Hakuna kiishio kisicho na sheria. Lakini ukifanya biashara Tanzania, sheria hizo tayari zinakuhusu hata ukiwa na .com. Na likitokea tatizo, msajili yuko mjini, simu inapokelewa kwa Kiswahili, na ukitaka kwenda ofisini kwa miguu yako utakwenda.

Swali la tatu: mwaka wa pili ni shilingi ngapi?

Bei kubwa iliyoandikwa kwenye tangazo huwa ni ya mwaka wa kwanza. Tafuta iliyoandikwa kwa herufi ndogo, ya kuhuisha. Baadhi ya viishio vipya huanza kwa bei ya soda mbili na kurudi mwaka wa pili kwa bei inayomshangaza mwenyewe. Kwa wakati huo umeshachapisha kila kitu, na huna pa kwenda.

Kwa .com kuna kipimo cha kukusaidia: tangu Septemba 2024 Verisign humtoza msajili dola 10.26 kwa jina kwa mwaka. Msajili akikuuzia chini ya hapo, anabeba hasara makusudi ili akupate, na ataifidia mahali fulani. Akikutoza mara nne ya hapo, muulize anakupa huduma gani ya ziada.

Fikiria pia njia ya malipo. Majina mengi ya watu hupotea kwa sababu kadi ya benki iliyowekwa kwa msajili wa ng'ambo imekwisha muda, au haina dola siku ya makato. Msajili wa nyumbani anayepokea shilingi, na malipo kwa simu, anakuondolea hatari hiyo. Kwa mfanyabiashara mdogo hili lina uzito kuliko tofauti ya shilingi elfu kadhaa.

Jina lisajiliwe kwako

Kiishio kizuri hakitakusaidia ikiwa jina si lako kwenye vitabu. Mazoea yetu ni kumwachia mtengeneza tovuti kila kitu: anasajili kwa jina lake, kwa barua pepe yake, na kulipa kwa kadi yake. Wengi wao ni waaminifu. Lakini kijana huyo anaweza kuhama, kugombana nawe, kuugua, au kubadili namba. Siku hiyo utagundua kwamba kisheria jina la tovuti yako ni lake.

Kwa hiyo dai mambo haya mapema, kwa upole na kwa maandishi. Mwenye jina awe wewe au kampuni yako. Barua pepe iliyo kwenye usajili iwe unayoifungua mwenyewe, na isiwe ya kiishio hichohicho, kwa sababu jina likikwama hutapata ujumbe wa kulikwamua. Nywila ya akaunti ya msajili uwe nayo. Na ujue namna ya kupata namba ya siri ya kuhamishia jina, maana ndiyo itakayokuwezesha kumhama msajili asiyekuridhisha. Majina kama ya .com kwa kawaida hayahamishiki ndani ya siku 60 za mwanzo, basi usingoje mambo yaharibike ndipo uanze kuuliza.

Andika tarehe ya kwisha kwa jina kwenye kalenda ya ukutani na kwenye simu za watu wawili. Jina la .com likipita tarehe, tovuti na barua pepe huzimika. Kwa kawaida msajili hukupa muda wa kulipia, usiozidi siku 45. Ukipita, huja siku 30 za kulikomboa kwa faini kubwa, kisha siku 5 za mwisho, kisha jina huachiwa yeyote. Wapo watu kazi yao ni kuyangojea majina ya namna hiyo.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea: kusajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, hakukupi jina la tovuti, na kusajili jina la tovuti hakukupi jina la biashara. Ni daftari mbili tofauti. Zipekue zote siku moja, pamoja na alama za biashara zilizosajiliwa, kabla hujapenda jina kupita kiasi.

Mawili yanatosha

Wauzaji watakushawishi uchukue viishio kumi kwa pamoja. Kwa biashara nyingi za Afrika Mashariki majina mawili yanatosha: la nchi yako na la .com. Moja liwe anwani kuu, inayoandikwa kila mahali na kutumika kwenye barua pepe zote. Jingine lielekezwe kwake. Fedha inayobaki iweke kwenye kuhuisha majina hayo kwa miaka mitatu au mitano mara moja.

Ukikuta .com ya jina lako imeshachukuliwa na mtu wa kazi kama yako, usichukue .net ya jina hilohilo. Utakuwa unamtangazia yeye. Ongeza jina la mji wako au la kazi yako, au tafuta jina jingine kabisa. Ukikuta imechukuliwa na mtu wa nchi ya mbali wa kazi tofauti, na wateja wako wote wako hapa, co.tz peke yake itakufaa vizuri.

Ikiwa unataka kuanza, fuata mpangilio huu. Andika wateja wako ni wa wapi. Chagua kiishio kikuu kwa jibu hilo. Soma nani anakisimamia na masharti yake. Uliza bei ya kuhuisha. Litamke jina kwa simu kwa mtu asiyelijua. Lisajili kwa jina lako, kwa msajili unayeweza kumlipa bila shida mwaka baada ya mwaka. Ni kazi ya jioni moja, na matunda yake ni anwani ambayo mteja wa leo ataikuta ikifanya kazi hata akiirudia baada ya miaka kumi.